Dawa iliyombabua mdogo wangu ndiyo aliyoandikiwa mwanangu

Shikamoo Mshauri,

Naandika saa saba usiku, niko jikoni, taa nimezima, natumia mwanga wa simu. Mbele yangu kuna kopo la maziwa ya unga lililokwisha. Ndani mna nusu za vidonge vyeupe, 38, nimezihesabu sasa hivi. Zote zilitakiwa ziwe zimeshaingia tumboni mwa mwanangu.

Mwanangu ana miaka 9. Miezi miwili iliyopita alianguka shuleni, mwalimu akadhani ni njaa. Wiki iliyofuata akaanguka nyumbani nikimwona: mdomo ulivutika upande, mkono wa kulia ukaanza kurukaruka, halafu mwili mzima. Alipimwa mawimbi ya ubongo, daktari akatuambia ni kifafa kinachoanzia upande mmoja wa ubongo, tusiogope, kina dawa. Akaandika kabamazepini, nusu kidonge asubuhi na nusu usiku. Nilipolisoma lile jina kwenye karatasi miguu iliniisha nguvu. Mume wangu akadhani nimeshtushwa na neno kifafa.

Miaka 12 iliyopita mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya ziwa moja, alianza dawa hiyohiyo akiwa na miaka 22. Haikuwa ya kifafa. Aliugua akili: wiki nzima halali, anaongea bila kituo, anagawa nguo zake kwa wapita njia, kisha mwezi mzima hanyanyuki kitandani. Daktari wa magonjwa ya akili akampa kabamazepini. Wiki ileile alikuwa anameza na vidonge vya salfa kwa sababu ya maambukizi ya mkojo, lakini kwetu sote inajulikana ni ile dawa ya akili iliyomponza. Siku ya 12 homa ikapanda, macho yakawa mekundu, akasema koo linawaka. Tukadhani mafua. Siku mbili baadaye midomo imepasuka, kifua kina madoa ya zambarau, na mama alipomshika begani amgeuze, ngozi ikabaki kiganjani mwake. Mama hajawahi kulitamka hilo. Mimi nilikuwepo.

Waliuita ugonjwa wa Stevens-Johnson. Alilazwa wiki 5. Leo ana mabaka shingoni na kifuani, jicho la kushoto halioni vizuri, na anatembea na kichupa cha matone mfukoni kwa sababu macho yake hayana tena machozi.

Nyumbani tulikubaliana kusema aliungua, kwamba jiko lilimlipukia. Hatukutaka mtu aulize alikuwa anameza dawa ya nini. Mume wangu, niliyeolewa naye baadaye, anaijua hadithi ya jiko. Mwanangu anaijua pia. Akimuuliza, "Mjomba, moto ulikuwa mkubwa?", mdogo wangu hutia matone machoni na kubadilisha mazungumzo.

Usiku nne za kwanza mume wangu ndiye aliyempa mtoto dawa. Halafu akasafiri kikazi. Usiku wa tano ilikuwa zamu yangu. Nilimpa, akalala, nami nikakesha na tochi ya simu nikimkagua mgongo, kwapa, ndani ya midomo. Nikaona kipele kimoja shingoni. Asubuhi kilikuwa kimetoweka, labda mbu. Tangu asubuhi hiyo vidonge vinaingia koponi. Siku 19.

Ameshaanguka mara mbili ndani ya siku hizo. Ya mwisho ilikuwa Jumapili, mume wangu amerudi, akaiona. Akampigia daktari, daktari akasema basi dawa haijatosha, tuongeze: usiku apewe kidonge kizima. Na kliniki ijayo, siku 9 kutoka leo, atapima damu aone dawa imefikia kiwango gani mwilini. Unaelewa nilivyobanwa.

Nimesoma kwamba kuna kipimo cha vinasaba kinachoweza kuonyesha nani atababuka na dawa hii na nani hatababuka. Kuna hata vifaa vya kuagiza mtandaoni, unatema mate kwenye kichupa unayatuma. Nilimuuliza daktari juujuu kama kipimo hicho kipo. Akaniuliza kwa nini. Nikasema nimekisoma tu. Akasema hicho hufanywa hasa kwa watu wenye asili ya Asia, kwa mwanangu haoni haja. Nikanyamaza.

Ninachotaka ni kipimo kwanza, dawa baadaye. Lakini kukipata itabidi nieleze kwa nini, na nikieleza, jiko letu la miaka 12 linazimika. Mume wangu atajua nimemdanganya, atajua ukoo wetu una ugonjwa wa akili na una damu isiyopatana na dawa, na atajua mwanawe ameanguka mara mbili dawa ikiwa koponi. Mama mkwe tayari anauliza kifafa kimetoka upande gani.

Najua methali ya mficha maradhi. Usinitajie, mama yangu ameichosha. Niambie tu: nisubiri kipimo? Nimwambie? Wiki ijayo kuna safari ya shule ya kuogelea, mtoto ananisumbua kila siku nimkubalie, na mimi sijui hata kama nina haki ya kumkatalia ilhali sababu ni mimi.

Mwenye Kopo

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Swali uliloniuliza ni la kipimo, lakini ukiikamua barua yenyewe, mengi yanachuruzika kutoka kwenye jiko ambalo halikulipuka. Nitayagusa yote mawili, na nitaanza na kipimo kwa kuwa hapo nadhani kuna mambo umeyapokea kama yalivyo bila kuyageuza.

Kwanza hofu yako. Kabla ya safu hii nilivaa sare ya uuguzi miaka mingi, na ugonjwa uliompata mdogo wako niliukuta mara mbili. Usiku tulikuwa tunamsafisha mgonjwa kope kwa maji ya chumvi kila baada ya muda mfupi, zisije zikagandana na jicho. Kumgeuza kitandani ilikuwa kazi ya watu wanne, na hakuna aliyekuwa anaongea. Kwa hiyo hutanisikia nikisema unaogopa kivuli. Wahenga walisema aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wewe hukuumwa, ulishika taa wakati mwenzio anaumwa, na pengine hilo halisahauliki kirahisi zaidi.

Lakini umeandika sentensi moja ukaipita haraka: kwamba wiki ileile mdogo wako alikuwa akimeza vidonge vya salfa. Nyumbani kwenu "inajulikana" ni dawa ya akili. Inajulikana na nani? Dawa za salfa nazo zimo miongoni mwa zinazosababisha ugonjwa huu mara nyingi zaidi, na kwa kawaida hujitokeza katika wiki za mwanzo za dawa mpya, kuanzia siku ya 4 hivi hadi ya 28. Siku yako ya 12 inaweza kuangukia dawa zote mbili. Yawezekana kabisa mko sahihi. Yawezekana pia aibu ya ugonjwa wa akili ndiyo iliyochagua mshitakiwa. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, kama mama yako aliitunza, huenda imeandikwa madaktari walishuku nini, na walianza kumpa kila dawa tarehe gani. Karatasi hiyo ni ya kutafutwa kabla ya kifaa chochote cha kutemea mate.

Sasa kipimo chenyewe. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan waliwaangalia wagonjwa 44, wote Wachina wa Han, waliobabuka baada ya kumeza kabamazepini. Wote 44, bila kukosekana hata mmoja, walikuwa na aina moja ya jeni iitwayo HLA-B*15:02. Kwa watu 101 walioimeza wasidhurike, waliokuwa nayo ni 3 tu. Nimekaa na mambo ya hospitali muda mrefu na nakuambia ni nadra sana kuona namba zimekaa hivyo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikawataka madaktari wawapime kwanza wagonjwa wenye asili ya Asia kabla ya kuwaanzishia dawa hii. Kisha mwaka 2011 yakatoka majibu ya hospitali 23 za Taiwan: watu 4,877 walipimwa, wale wenye jeni, kama asilimia 7.7, wakapewa dawa nyingine au wakabaki na ya zamani, waliobaki wakapewa kabamazepini. Kwa hesabu za miaka ya nyuma walitarajia watu kama 10 wababuke. Hakubabuka hata mmoja.

Kwa hiyo hujasoma uzushi. Kipimo kipo na kimeokoa watu.

Ila kinajibu swali jembamba kuliko lile unaloliuliza wewe. Unauliza, "mwanangu atababuka?" Chenyewe kinajibu, "ana HLA-B*15:02?" Jeni hiyo imeenea kwa Wachina wa Han, Wathai, watu wa Malaysia, Indonesia, Ufilipino na sehemu za India. Kwa Waafrika, Wazungu, Wajapani na Wakorea ni adimu mno, na hata hivyo wapo miongoni mwao wanaobabuka. Ipo jeni nyingine, HLA-A*31:01, iliyohusishwa na dawa hiihii mwaka 2011 kwa Wazungu na Wajapani, lakini uhusiano wake na kubabuka kwa aina ya mdogo wako ni legevu zaidi. Inaonekana zaidi kwenye vipele vya kawaida na kwenye mzio unaokwenda hadi kwenye ini. Hukuniambia asili ya wazazi wenu, na hapa ina uzito. Ikiwa hamna damu ya huko Asia, mwanao anaweza kupimwa, majibu yakarudi "haipo", yakawa ni kweli tupu, na yasikufae kitu. Ungempa dawa usiku huo kwa amani ambayo kipimo hakikukuahidi.

Na upande wa pili pia: hata kule Taiwan, walio nayo wengi wakimeza kabamazepini hawababuki. Anayebabuka ni chini ya 1 kati ya 10. Daktari akiikuta jeni hawezi kukuambia mtoto angeumia. Atakachoweza kukuambia ni kwamba haifai kubahatisha ilhali dawa nyingine zipo.

Juu ya vile vichupa vya mtandaoni nitasema kidogo tu. Kila dawa ina jeni yake. Ya alopurinoli, ile ya jongo, ni HLA-B*58:01. Ya abakaviri ya wenye VVU ni HLA-B*57:01. "Kipimo cha vinasaba cha dawa" kisichotaja waziwazi ni zipi kinazitazama ni sawa na mtu kukwambia ameangalia nyumba nzima wakati ameangalia chumba kimoja. Ukikuta kifaa hakitaji 15:02 wala 31:01 kwa jina, kwa jambo hili weka akiba mate yako.

Kuna jambo ambalo sijui kama umelifikiria, nami limenikaa tangu nilipoisoma barua mara ya kwanza. Katika ukoo wenu, mtu ambaye kipimo chake kingefundisha zaidi ni Mjomba. Jeni hizi ziko kwenye kromosomu ya 6 na hurithiwa kwa mafungu, fungu moja la mama na fungu moja la baba. Tuseme Mjomba anayo moja. Uwezekano wa wewe kuwa nayo ni nusu, na wa mwanao ni robo. Hapo kumpima mtoto kuna maana kamili, kwa sababu mnatafuta kitu mnachojua kipo nyumbani. Lakini Mjomba akipimwa asikutwe nayo, basi kilichomdhuru ni kitu ambacho kipimo hakikioni, na jibu la "haipo" kwa mtoto lingekuwa karatasi tu. Damu ya Mjomba haibadiliki kwa kuwa miaka imepita. Inaweza kupimwa leo kama ingepimwa wakati ule.

Umemuuliza lakini? Barua nzima inamzungumzia, na sioni mahali aliposema neno. Mnamfichia siri yake miaka 12, na huenda anaitaka ifichwe hivyo. Huenda pia amechoka kutia matone kila akiulizwa habari za moto. Sijui, nawe hujui. Ninachojua ni kwamba siri ya ugonjwa wake ni mali yake kuliko ilivyo yako, na kama itatoka, ni heri atoke nayo mwenyewe au atoe ruhusa.

Turudi kwa daktari. Ulimuuliza swali la mtu aliyesoma mtandaoni, akakujibu kama mtu aliyesoma mtandaoni. Jibu lake halikuwa baya. Kwa mtoto ambaye ndugu zake hawajawahi kudhurika, katika nchi ambazo watu wake wengi ni Wazungu, hatari ya dawa hii hukadiriwa kuwa mtu 1 hadi 6 kati ya 10,000 wanaoianza. Lakini hakuwa na habari ya Mjomba. Madaktari wengi wakisikia kwamba ndugu wa damu wa karibu alibabuka na dawa fulani hawahitaji maabara ili waiweke kando. Maneno hayo peke yake huwatosha kufikiria dawa nyingine. Kumbe unahangaikia kipimo kikusemee jambo ambalo ungeweza kulisema kwa dakika mbili. Naelewa kwa nini. Maabara haiulizi alikuwa akimeza dawa ya nini.

Wala kubadili dawa si mlango usio na kizingiti. Fenitoini, fenobabitali na okskabazepini ni jamaa wa karibu wa kabamazepini, na aliyedhuriwa na mmoja huangaliwa kwa tahadhari na wengine. Lamotrijini nayo ina hatari ya kubabua, hasa ikipandishwa haraka, kwa hiyo huanzwa polepole sana kwa wiki kadhaa, na mtoto anaweza kuanguka katikati ya kungoja huko. Valproeti na levetirasetamu hazimo katika ukoo huo. Ila valproeti hutaka ini liangaliwe, na levetirasetamu huwafanya baadhi ya watoto kuwa wakali, wepesi wa kulia au wa kurusha vitu. Kwenye ukoo uliowahi kumwona kijana anapanda na kushuka kama mdogo wako, daktari angependa kuyajua hayo kabla hajachagua. Unaona jinsi siri ileile inavyorudi kwa mlango mwingine.

Kuendelea na kabamazepini pia ni njia, nisiifiche. Wapo wazazi ambao, wakishaelezwa hatari kwa uwazi na kuonyeshwa dalili za kuangaliwa, huamua kuendelea. Wakifanya hivyo huwa wanajua kwamba homa pamoja na macho mekundu, vidonda mdomoni, au ngozi inayouma ikiguswa ndani ya wiki za mwanzo ni safari ya hospitali saa ileile na dozi inayofuata haimezwi. Kwa mama ambaye ameshakesha na tochi, sina hakika njia hiyo ina usingizi. Na kile kipele cha shingoni, hata kama kilikuwa cha mbu, kitaje. Aamue mwenye kazi yake.

Jambo moja sitalizunguka. Kutompa dawa umekufanya kuwe kama kungoja, lakini mtoto mwenye kifafa asiye na dawa hayuko mahali salama akingojea. Ameshaanguka mara mbili, na kila mara ingeweza kuwa kwenye ngazi au karibu na moto wa kweli. Na sasa daktari anaongeza dozi juu ya dozi ambayo haipo. Ukisema kesho uanze kumpa kimyakimya ili damu isikuumbue kliniki, mwili ambao haujaiona dawa kwa siku 19 utaanzia kwenye kiwango kilichopandishwa, na huo ni mchezo mbaya kwa dawa yoyote inayotakiwa kuanza kidogo kidogo. Siku 9 ni nyingi. Mpigie daktari simu kesho, hata kama utasema maneno haya tu: "Hajameza tangu siku ya tano, na mjomba wake alibabuka, huenda ni kwa dawa hii." Huhitaji kueleza Mjomba aliugua nini. Dawa hii hutolewa kwa kifafa, kwa maumivu ya neva za uso na kwa ugonjwa wa akili. Daktari ataelewa bila kuchimba. Na mtoto akianguka tena kabla ya hapo, akapitisha dakika 5 bila kutulia, ni hospitali, usingoje kuona.

Kuhusu mume wako nitasema kwa tahadhari, maana simjui na ndoa yenu siijui. Unaweza kumwambia kabla ya kliniki, mkiwa wawili. Atakasirika, pengine sana, na kitakachomuuma zaidi nadhani ni kopo kuliko ugonjwa wa shemeji yake. Unaweza kumwomba daktari akusaidie kulifungua mbele yake. Hapo una ngao, lakini naye anaweza kuona amewekewa kikao. Unaweza kumpa nusu: kwamba Mjomba hakuungua, alidhurika na dawa, basi, ukaiacha sababu ya dawa kwa Mjomba mwenyewe. Sikukatazi nusu hiyo, ila ujiandae kwa swali litakalofuata, kwa kuwa litafuata usiku uleule. Njia ya nne ni kungoja karatasi ya maabara imwambie kwamba hakuna dawa ndani ya damu ya mwanawe. Hiyo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu karatasi haitamweleza ulivyokesha.

Na mama mkwe, akiuliza tena upande gani, kumbuka yale mafungu mawili. Moja la mwanao limetoka kwa baba yake. Jeni ya kubabuka inaweza kupita hata huko kwao, kwa watu wasiowahi kumeza dawa hii na kwa hiyo hawana habari. Wala si damu mbovu. HLA ni alama ambazo mwili huzitumia kutambua wadudu wa maradhi. Kila mtu anazo, na aliye na 15:02 asipokutana na dawa ya kumgombanisha nayo ataishi miaka yake yote bila kujua. Miongoni mwa watu wazima wenye afya waliopimwa kule Taiwan, wenye nayo walikuwa kama 1 kati ya 12.

Umeniuliza kama una haki ya kumkatalia mtoto safari ya kuogelea. Mwanangu, haki hiyo haikuondolewa na kopo. Lakini huenda si lazima umkatalie: walimu wakijua ana kifafa, na akawepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni kumtazama yeye tu, ndani ya maji na si ukingoni, watoto wengi wenye kifafa huogelea. Muulize daktari katika simu hiyohiyo kama kwa wiki hii ni mapema mno. Na hapo nyumbani, mpaka dawa itakapokaa sawa, aoge mlango ukiwa haujafungwa kwa ndani.

Kopo usilitupe. Nusu 38 kwa mbili kwa siku ni siku 19 kamili, na daktari atahitaji hesabu hiyo.